Kondoo wa Ulezi

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya Mollo, Coleta alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto. Desemba ni mwezi wa mvua huko Ufipa, na kuni zilizolala na unyevu huwa na kiburi: moshi mwingi, moto haba. Coleta alipuliza mpaka machozi yakamtoka, huku bibi yake akimcheka kutoka kwenye kigoda.

"Puliza kwa chini, mjukuu wangu. Huo moto unaupuliza kama unaukaripia."

"Shikamoo, Bibi," Coleta alijibu huku akikohoa.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, Bibi, ila macho yanawasha."

Coleta alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule zilikuwa zimefungwa. Aliishi na baba yake Fabiani, mama yake Mariana na bibi yake Agnesi, mama mzazi wa baba. Nyumba kubwa ilikuwa ya baba na mama, lakini jiko lililojengwa kando lilikuwa himaya ya Bibi. Humo hakuna aliyehamisha hata mwiko bila ruhusa yake.

Juu ya mafiga, kwenye uchaga uliopakwa masizi na moshi wa miaka mingi, vilining'inia vicha saba vya masuke ya ulezi. Hiyo ilikuwa mbegu. Ulezi wa kula ulikuwa umeshapurwa, ukachanganywa na kutiwa kwenye gunia. Huu wa juu ya moto ulikuwa mwingine kabisa. Bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa kutoka Mwimbi, na tangu hapo hakuwahi kukosa kuupanda. Kila mwaka, ulezi unapokomaa, Bibi alitangulia shambani peke yake na kisu chake kidogo, akakata suke moja hapa na jingine kule, yale tu yaliyonona na kujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Wavunaji wengine walifuata baadaye. Vicha vilikaa kwenye moshi ili wadudu wasivisogelee, vikisubiri siku za baada ya Noeli, wakati wa kubomoa ntumba, yale matuta ya duara yaliyofukiwa nyasi mwaka uliopita, na kumwaga mbegu.

Kila kicha kilifungwa kwa kamba ya gome, kwa fundo la ajabu ambalo ukilivuta vibaya linazidi kukaza. Katika nyumba nzima ni watu wawili tu waliojua kulifungua: Bibi mwenyewe, na Coleta aliyefundishwa naye.

Mwaka huo Katekista Gaudensi alikuwa amempa Coleta kazi ya heshima. Kigango chao kilikuwa na watoto wadogo kumi na watano wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, wenye umri wa miaka minne hadi saba, na kila Jumamosi ya Majilio Coleta na rafiki yake Lydia waliwasaidia kutengeneza mapambo ya pango la Noeli, mfano wa zizi alimozaliwa Yesu. Hawakununua kitu. Nyota walizitengeneza kwa vijiti vitano vilivyofungwa kwa uzi wa katani. Malaika walitokana na maganda makavu ya mahindi: unayaloweka kidogo yalainike, unayakunja juu ya kitonge cha matambara, unafunga shingo, kisha unatanua mabawa. Punda alikuwa wa mabua. Minyororo ya rangi ilitoka kwenye majalada ya madaftari yaliyokwisha, na gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa mahindi, ambao nusu yake iliishia kwenye nywele za watoto.

Tatizo lilikuwa kondoo. Jumamosi ya kwanza walijaribu kuwatengeneza kwa mabua matupu. Timoth, mwenye miaka mitano, alimtazama kondoo wake kwa muda mrefu, akamgeuza, akamnusa.

"Dada Coleta, huyu ni mbwa," alisema.

"Ni kondoo, Timoth. Mwangalie vizuri."

"Hana manyoya. Ni mbwa."

Watoto wote wakaanza kubweka. Lydia alicheka hadi akaketi chini, lakini Coleta hakucheka. Alitaka pango lao liwe zuri. Paroko angekuja kusoma Misa ya Noeli asubuhi, na Katekista alikuwa ameshatangaza kanisani, mbele ya watu wote, kwamba pango la mwaka huu lilikuwa mikononi mwa Coleta.

Jioni ya siku hiyo alipokuwa akikoroga uji, aliinua macho. Masuke ya ulezi yalikuwa yamejikunja juu ya kichwa chake, manene, ya rangi ya kahawia, yamesongamana kama manyoya mgongoni mwa kondoo. Bibi alikuwa ameenda kwa jirani kuomba chumvi. Coleta alisimama juu ya kigoda, akafungua fundo moja, kisha la pili. Alichukua vicha vya nyuma, vile ambavyo mtu aliyekaa chini hawezi kuviona. "Viwili tu," alijiambia. "Bibi ana vitano vingine."

Kwa nini hakungoja akaomba? Alijua kwamba angeambiwa hapana. Yaani hakujua, alidhani. Kwa mtu mwenye haraka, mambo hayo mawili hufanana sana.

Jumamosi iliyofuata kondoo walizaliwa upya. Coleta aliwaonyesha watoto namna ya kukata masuke mafupi mafupi, kuyapanga kuzunguka kipande cha bua, kuyafunga kwa uzi na kubandika yaliyobaki kwa uji. Miguu ilikuwa njiti nne, kichwa kitonge cha udongo. Watoto walipiga kelele za furaha. Lakini vicha viwili vilitosha kondoo watano tu, na watoto walikuwa kumi na watano. Waliokosa walinuna, wengine wakalia.

Unajua kilichofuata. Siku ya Jumatano Coleta alipanda tena juu ya kigoda, akafungua mafundo mengine manne. Kilibaki kicha kimoja, kile cha mbele kabisa. Alikisogeza katikati ili uchaga usionekane mtupu.

Kufikia Jumamosi ya tatu, kila mtoto alikuwa na kondoo wake. Timoth, ambaye hakuwahi kuridhika kirahisi, alisema kondoo wa kwenye kitabu cha dini ni weupe, na kabla hajazuiwa alikuwa ameshamchovya wake kwenye ndoo ya chokaa iliyobaki walipopaka ukuta wa kanisa. Katekista Gaudensi alipoingia na kuliona kundi zima limepangwa juu ya majani mabichi na udongo, alivua kofia yake.

"Coleta, sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema. "Masuke haya mazuri mmeyapata wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Mshukuru sana Bibi yako."

"Ndiyo, Mwalimu," Coleta alisema, akainama kupanga majani yaliyokwisha kupangwa.

Siku ya Jumatatu, wiki ya Noeli, Bibi Agnesi aliinua mkono ili ashushe vicha vyake na kuvianika kidogo kabla ya kupanda. Mkono ulishika kimoja, ukapapasa huku na huku na kurudi mtupu. Alisimama hapo, akiwa ameinua uso kwenye moshi.

"Mariana!" aliita. "Nani ameshusha mbegu zangu?"

Mama alikuja, akatazama, akashangaa. Walidhani ni panya. Lakini sakafuni hapakuwa na hata punje moja, na juu ya boriti kamba za gome zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine. Hivyo ndivyo Bibi alivyomfundisha Coleta kuzikunja, na mikono yake ilikuwa imefanya hivyo kwa mazoea. Bibi alizishika kamba zile, akazipitisha vidoleni moja moja.

"Panya hafungui fundo," alisema polepole. Kisha akageuka. "Coleta, mama yangu, wewe uliyashusha masuke yangu?"

Mama alikuwa amesimama pale. Misa ya Noeli ilikuwa Alhamisi. Coleta aliwaona kondoo wote kumi na watano machoni pake, akamwona Katekista akivua kofia.

"Hapana, Bibi," alisema.

Bibi alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza mara ya pili. Afadhali angeuliza.

"Fundo hili tunalijua watu wawili," alisema, kama anayejisemea peke yake. "Coleta hajawahi kunidanganya, na amesema si yeye. Basi ni mimi. Nimeyashusha mwenyewe, nikayaweka mahali, na sasa sikumbuki."

Siku nzima Bibi alitafuta. Alitazama ndani ya vyungu, chini ya kitanda, kwenye kihenge, nyuma ya mlango. Alirudi kutazama mahali alipokwisha kutazama. Mara mbili alisimama katikati ya ua, mkono kiunoni, akijaribu kukumbuka. Coleta alimfuata nyuma akijifanya anasaidia kutafuta, na kila alipoinua kifuniko cha chungu alijiona mdogo kuliko chungu chenyewe.

Jioni baba aliporudi kutoka shambani na kusikia habari hiyo, hakukasirika. Alikaa karibu na mama yake, akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makaripio.

"Mama, umefanya kazi miaka mingi. Mwaka huu pumzika. Ulezi tutauacha, lile shamba tutatia mahindi. Na jikoni usiwe unawasha moto ukiwa peke yako. Mariana atakuwa anawasha."

"Kwa sababu nitasahau kuuzima," Bibi alisema.

Baba aliinamia bakuli lake.

"Mama yangu mzazi alianza hivihivi," Bibi akaendelea. "Kwanza alipoteza jembe. Halafu akasahau njia ya kwenda kisimani. Mwisho alikuwa ananiuliza mimi, mwanawe, nimetoka ukoo gani." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa kile kisu kidogo cha kuvunia, mpini wake umelainishwa na mkono wake kwa miaka yote hiyo. Alimkabidhi mkwewe. "Chukua, Mariana. Mbegu haichaguliwi na mtu asiyejua alikoiweka."

Mama alikipokea kisu kwa mikono miwili, akageuka upande ili machozi yake yasionekane. Coleta alikuwa ameshika bakuli la mboga. Alilitua chini, akaendelea kula.

Kesho yake alimweleza Lydia kila kitu, wakiwa kisimani.

"Nyamaza tu," Lydia alisema huku akiinua ndoo. "Ukisema leo, pango litavunjwa, na Noeli ni keshokutwa. Wale watoto watalia mpaka Paroko awasikie akiwa bado njiani. Subiri sikukuu ipite."

"Na Bibi je?"

"Bibi ni mzee, Coleta. Wazee wanasahau. Hata wangu anasahau."

"Lakini wangu hajasahau!" Coleta alisema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua.

Lydia alitua ndoo yake chini. Kisha akasema, taratibu, "Mimi sijui. Ni bibi yako, siyo wangu."

Coleta alirudi nyumbani, maji yakimwagikia mgongoni. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na jua dogo lilikuwa limetoka. Bibi alikuwa ameketi kibarazani, ungo wa maharage mapajani. Coleta alidhani anachambua. Alipokaribia alisikia sauti ya chini.

"Fabiani," Bibi alisema, akaweka harage moja kando. "Clemens." La pili. "Cornelia, aliyeolewa Msanzi. Mathias, aliyefariki." La tatu na la nne. "Watoto wanne. Wajukuu sasa. Eustaki, Jastin..." Alisita. Vidole vilibaki hewani vimeshika harage. "Eustaki, Jastin... yule wa Cornelia, binti, mwenye mwanya..."

Alikuwa anajipima. Mwanamke aliyejua kila shina la ulezi shambani mwake alikuwa anayahesabu majina ya watoto wake kwa maharage, kwa woga, kama mwanafunzi asiyejua kama atafaulu. Na jina la binti mwenye mwanya lilimponyoka kwa sababu alikuwa na hofu, si kwa sababu nyingine. Nani asiyesahau jina akiwa na hofu? Coleta alitua ndoo chini vibaya hadi maji yakamwagika.

"Bibi, hukusahau!"

"Nini, mjukuu wangu?"

"Mbegu. Hukusahau. Ni mimi." Alikuwa ameshapiga magoti kwenye matope bila kujua. "Nilifungua mafundo. Vicha vyote sita. Nimewatengenezea watoto kondoo wa pango. Uliponiuliza nilikudanganya. Ni mimi, Bibi, siyo wewe. Nisamehe."

Bibi aliweka ungo wa maharage kando.

"Kwa hiyo sikuyashusha?"

"Hapana, Bibi."

"Sikuyaweka mahali nikasahau?"

"Hapana. Hukuyagusa kabisa."

"Sema tena."

"Hukusahau chochote, Bibi."

Bibi alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda mlima. Kisha akayafumbua, na sasa yalikuwa makali.

"Coleta," alisema, "mbegu ungeniomba, ningeyafikicha masuke nikabaki na punje zangu, na masuke matupu ningekupa yote. Tena nisingeuliza ya nini. Sikiliza basi. Mbegu ukiniharibia, naweza kwenda Mwimbi kwa miguu yangu nikatafute nyingine kwa ndugu zangu. Lakini siku mbili hizi umeniacha niamini kwamba akili yangu imeondoka. Hiyo ungenitafutia kwa nani?"

Coleta alilia, na Bibi alimwacha alie kwa muda kabla ya kumfuta uso kwa ncha ya khanga.

"Inuka, matope hayo yatakuingia mifupani. Kwanza utamweleza baba yako kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza. Halafu tutaenda ukanionyeshe hao kondoo."

Kumweleza baba kulikuwa kugumu kuliko Coleta alivyowaza. Baba alisikiliza akiwa ameegemea jembe, na alipomaliza kusikiliza hakumgombeza mtoto. Alikwenda moja kwa moja hadi kibarazani, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, na mimi nisamehe. Nilikuwa mwepesi sana kukupumzisha."

"Ulikuwa mwepesi kweli," Bibi alisema. "Mariana, kisu changu kiko wapi?"

Mama alikuwa ameshakwenda kukichukua. Alikileta akikimbia.

Alasiri hiyo watoto walikuwa kanisani wakifanya mazoezi ya nyimbo. Coleta alisimama mbele yao, Bibi kando yake na Katekista Gaudensi nyuma, akawaambia ukweli. Masuke hayakuwa yake. Aliyachukua bila kuomba, akadanganya, na Bibi aliyahitaji kwa ajili ya shamba. Kisha Timoth akamkumbatia kondoo wake mweupe kifuani, chokaa ikampaka shati lote.

"Mtatunyang'anya?" aliuliza.

Bibi Agnesi ndiye aliyejibu. Aliketi sakafuni katikati ya watoto, magoti yakilalamika, akaomba apewe kondoo mmoja. Alimpapasa mgongo.

"Kondoo huyu amenona," alisema. "Lakini kondoo akinona manyoya, hufanywaje?"

"Hunyolewa!" mtoto mmoja akapaza sauti.

"Haya basi. Leo tunawanyoa. Leteni ungo."

Aliwaonyesha namna ya kufungua uzi, kufikicha masuke taratibu kati ya viganja ili punje zidondoke na suke lisivunjike, na kupuliza makapi. Watoto walifikicha, wakapiga chafya, wakacheka. Punje nyekundu nyekundu zilirundikana kwenye ungo. Zilizogandishwa na uji zilikuwa zimeota ukungu, Bibi akazitenga pembeni, na Coleta aliziona zote. Masuke yaliyofikichwa yalibaki yamejikunja vilevile, ila yamekonda. Wakayafunga upya juu ya mabua, safari hii bila uji, kwa uzi peke yake.

"Wamekuwa wembamba," Lydia alisema akimwinua mmoja.

"Wa Bethlehemu walikuwa wa wachungaji maskini," Katekista akamjibu. "Sidhani kama walikuwa wanene."

Ilipofika zamu ya kondoo wa Timoth, Bibi alimchukua, akakwaruza chokaa kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Huyu mwacheni alivyo. Chokaa imeshaua mbegu zake. Mrudishe pangoni, baba, hana kitu tena."

Timoth alimrudisha haraka kabla mtu hajabadili mawazo, akamweka mbele kabisa, juu ya udongo wenye majani.

Alhamisi Paroko alisoma Misa, na pango likasifiwa na kila aliyepita. Coleta alipoitwa mbele kupongezwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba masuke yalikuwa ya Bibi Agnesi. Watu walimpigia Bibi makofi, naye akajitanda khanga vizuri kana kwamba hasikii.

Baada ya sikukuu walienda shambani wote wanne. Baba na mama walibomoa ntumba kwa majembe, Bibi akatangulia kumwaga mbegu kwa mkono wake, na Coleta akafuata nyuma akiifukia. Mbegu iliishia nusu ya shamba. Bibi alisimama pale ilipokwisha, akakung'uta kibuyu, kisha akamwita mjukuu wake.

"Unaona ilipoishia?"

"Naona, Bibi."

"Nusu ile nyingine tutapanda maharage. Kwa hiyo ukipita hapa na ulezi umeota huku na maharage kule, utakumbuka. Sikwambii haya ili uumie, Coleta. Kuchukua bila kuomba ni kosa, na kosa hilo tumelirekebisha kwa mchana mmoja, tena tukicheka. Lakini ulipodanganya, mimi ndiye niliyebeba uongo wako. Kila mtu akidanganya, kuna mtu mahali fulani anaubeba bila kujua alichobebeshwa. Ukishakosea, njoo uniambie mapema, hata kama nitafoka. Kufoka kwangu huwa kunaisha."

"Nitakuja, Bibi."

"Na palizi yote ya shamba hili ni yako."

"Ndiyo, Bibi," Coleta alisema, na ajabu ni kwamba alifurahi.

Jumapili ya Tokeo la Bwana, siku ya kubomoa pango, kabla kengele haijapigwa, Timoth alikuja mbio mpaka kwenye mlango wa kanisa walikosimama Coleta na bibi yake. Alikuwa amemshika kondoo wake kwa mikono miwili.

"Bibi Agnesi! Shikamoo! Kondoo wangu ameota nyasi!"

Wakainama kutazama. Bati la kanisa lilikuwa na tundu dogo, na maji ya mvua yalikuwa yakimdondokea kondoo yule kwa siku zaidi ya kumi. Chokaa ilikuwa imeoshwa yote. Mgongoni mwake, kuanzia shingoni hadi mkiani, zilikuwa zimechipua nywele za kijani, nyembamba, zimesimama wima.

Coleta alimtazama bibi yake kwa wasiwasi. Bibi alimchukua kondoo, akamsogeza karibu na macho, akamgeuza huku na huku. Halafu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na watu waliokuwa wakiingia kanisani wakageuka kumtazama.

"Nilisema amekufa!" alisema akijifuta macho. "Nilisema chokaa imeua mbegu. Mlinisikia wote?"

"Tulikusikia, Bibi," Coleta alijibu.

"Basi nimekosea. Katekista, njoo uone, nimekosea kabisa!" Alilitamka neno hilo kwa furaha, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Nimekosea, lakini kusahau sijasahau. Hata jina la yule binti wa Cornelia mwenye mwanya ninalo. Anaitwa Perpetua."

Kisha akamrudishia Timoth kondoo wake, akamshika Coleta mkono, wakaingia ndani kusali. Baada ya Misa watatu hao walienda shambani, wakampanda kondoo mzima mzima pale mbegu ilipoishia.